Sarufi ya Kiingereza na Maswali ya Wanafunzi Katika Nchi ya Wagusii

Mwalimu mgeni anayefundisha Kiingereza kwa mara ya kwanza katika shule ya msingi ya Kisii au Nyamira hukutana mapema na jambo linalomtatiza. Anamwuliza mtoto swali la kukanusha: "Didn't you bring your book?" Mtoto anajibu "Yes", kisha anabaki amesimama, mikono mitupu. Kwa sikio la Mwingereza mtoto huyu amesema kwamba kitabu amekileta. Kwa kipimo cha lugha yake mwenyewe amesema kweli tupu: ndiyo, ni kama usemavyo, sikukileta. Katika Ekegusii neno "ee" huukubali usemi wa mwulizaji na neno "yaya" huupinga. Kiswahili nacho hufuata utaratibu huo, na mbali na Afrika Mashariki Kijapani kinajulikana kwa kufanya vivyo hivyo. Kiingereza hakiutazami usemi wa mwulizaji hata kidogo; hutazama kitenzi kitakachofuata, kama kitakuwa cha kuyakinisha au cha kukanusha, na "yes" au "no" hulazimika kupatana na kitenzi hicho. Mtoto asiyefahamishwa tofauti hii huonekana mwongo, au mjeuri, hali amejibu kwa adabu na kwa usahihi.

Maswali ya namna hii yamekuwako katika nchi ya Wagusii tangu Kiingereza kilipoingia darasani. Mengi hayakuulizwa kwa maneno. Yaliulizwa kwa makosa, na makosa yakapigwa mstari mwekundu. Katika makala haya inakusudiwa kuonyeshwa mambo mawili yanayoshikamana: kwanza, kwamba maswali hayo yana asili yake katika sarufi ya Ekegusii, au katika Kiswahili kilichosimama kati ya Ekegusii na Kiingereza, na pili, kwamba elimu iliyohitajika ili kuyajibu ilikwisha kuchapishwa katika miaka ya 1950, ila haikuandikwa kwa ajili ya mwalimu wa Kigusii wala haikumfikia.

Ili swali la mwanafunzi lieleweke, hapana budi kukumbuka kwamba Kiingereza hakikuwa lugha ya pili kwa Mgusii aliyekwenda shule mwanzoni mwa karne ya 20. Aghalabu kilikuwa lugha yake ya nne. Waingereza walipeleka askari katika nchi hiyo mwaka 1905, boma likawekwa mwaka 1907, na upinzani wa mwaka 1908 ukazimwa kwa mabavu. Boma lilipojengwa pakaitwa Bosongo na wenyeji, yaani mahali pa Abasongo, Wazungu; jina la Kisii ambalo serikali ililiandika katika ramani zake limevikwa kiambishi ambacho Mgusii mwenyewe hakitumii anapojitaja. Lugha ya bomani ilikuwa Kiswahili: ndicho walichosema askari, wakalimani na wafanyabiashara wa madukani. Kanisani mambo yalikuwa vingine. Wamisionari wa Kikatoliki wa shirika la Mill Hill walifika Nyabururu mwaka 1911, na baada ya muda mfupi Waadventista wa Sabato wakafungua kituo chao Nyanchwa. Waadventista hao walikuwa wameanzia Gendia, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1906, miongoni mwa Wajaluo. Njia ya injili kuingia Ugusii ikapita katika Kijaluo, na vitabu vya Kijaluo vikatumika katika kufundishia dini na kusoma. Hivyo Mgusii wa mwanzo aliyejifunza kuziunganisha herufi alizifahamu kwanza katika lugha isiyokuwa ya Kibantu, isiyokuwa na ngeli wala upatanisho wa viambishi kama anaoutumia nyumbani kwao.

Jambo hili halikupita bila manung'uniko, na haliwezi kuchukuliwa kuwa dogo. Agano Jipya lilipatikana kwa Ekegusii mwaka 1948, na Biblia nzima mwaka 1988. Maana yake ni kwamba kwa miaka zaidi ya thelathini tangu shule za misheni zianze, Mgusii hakuwa na kitabu kikubwa cha lugha yake ambacho angeweza kukishika mkononi na kusema: hivi ndivyo lugha yetu inavyoandikwa. Mtu asiyeiona sarufi ya lugha yake ikiwa imeandikwa huamini kwa urahisi kwamba haina sarufi. Imani hiyo ilienea, na mara nyingi walimu ndio walioieneza.

Wazazi, kwa upande wao, walitaka Kiingereza. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza watoto waanze kufundishwa kwa lugha zao, na hoja zake za kielimu zilikuwa nzuri. Lakini katika Nyanza pendekezo hilo lilisikika kama njia nyingine ya kumfungia Mwafrika nje. Huko Maseno wanafunzi walikwisha kugoma mwaka 1908, wakitaka masomo ya vitabu zaidi na kazi za mikono kidogo. Serikali ilipofungua shule yake Kisii katika miaka ya 1930, ilikuwa wazi kwa kila mzazi kwamba Kiingereza ndicho kilichotenganisha karani na mpagazi. Baadaye mtihani wa Kenya African Preliminary Examination ukaja kuamua nani aendelee na nani arudi shambani. Tangu hapo swali la sarufi halikuwa tena la udadisi. Mtoto aliyeandika "she" mahali pa "he" alipoteza alama, na alama chache zilitosha kumnyima nafasi ya shule ya sekondari, kwa kuwa nafasi zenyewe zilikuwa haba mno.

Hilo la "he" na "she" lafaa litazamwe kwa makini, maana ndilo linalochekwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Ekegusii, kama Kiswahili, hakitenganishi mume na mke katika viwakilishi vya nafsi ya tatu. Neno "ere" ni yeye, awe mwanamume au mwanamke, na kiambishi cha nafsi katika kitenzi hakibadiliki kwa ajili ya jinsia. Mwanafunzi hana shida ya kumtambua mwanamke. Shida yake ni kwamba lugha yake haijawahi kumdai aseme jambo hilo kila atumiapo kitenzi. Kwa Wagusii liko tatizo la ziada ambalo halimpati Mkamba wala Mswahili wa pwani. Katika Ekegusii neno "baba" maana yake ni mama. Baba huitwa "tata". Mtoto wa darasa la pili huenda akasimulia habari za baba anayepika au kunyonyesha. Mwalimu aliyetoka sehemu nyingine ya Kenya, ambaye sikio lake limezoea Kiswahili, atasahihisha "she" kuwa "he", kwa hakika kabisa, na kumfanya mtoto aliyepatia awe amekosa. Kosa hapo si la mtoto wala si la Kiingereza. Limetokea katika lugha ya tatu ambayo hakuna aliyekuwa akiifundisha katika kipindi hicho.

Swali la nyakati ni zito zaidi, na ndilo linaloonyesha vizuri jinsi ambavyo mwanafunzi huweza kuwa na utaratibu mkali kuliko ule wa kitabu chake. Ekegusii hutenganisha kwa viambishi tendo lililotokea leo, lililotokea jana au siku za karibu, na lililotokea zamani. Msemaji hachagui kutaja umbali wa tendo, kitenzi humlazimisha. Mwanafunzi mwenye mazoea hayo anapofundishwa kwamba Kiingereza kina wakati uliopita mmoja tu, "I saw", hujiuliza, na ana haki ya kujiuliza: msikilizaji atajuaje kama ni asubuhi ya leo au mwaka juzi? Kisha hufundishwa umbo la pili, "I have seen". Jambo la kwanza linalomjia ni kwamba hili nalo lazima liwe ni hatua fulani ya umbali, huenda ni la karibu. Kutokana na fikira hiyo, iliyo na mantiki kamili, huzaliwa sentensi mashuhuri "I have seen him yesterday". Jana si mbali. Kwa nini umbo la karibu lisitumike?

Kiswahili huongeza utata badala ya kuupunguza, kwa sababu msemaji wa Kiswahili husema bila kusita "amefika jana". Kiambishi -me- huonyesha hali iliyotimia na athari yake iliyobaki, na hakikatai kutajiwa siku. Kiingereza kinakataa. Mwalimu anayesema tu kwamba "have" haikai pamoja na "yesterday" ametoa amri ambayo ni sahihi, lakini hajajibu swali. Jibu lingekuwa kwamba lugha hizi tatu hupima vitu vitatu mbalimbali: Ekegusii hupima umbali wa siku, Kiswahili hupima kutimia kwa hali, na Kiingereza huuliza kama kipindi kinachotajwa kimekwisha fungwa au bado kinaendelea hadi wakati wa kusema. Somo la namna hiyo halizidi nusu saa. Gharama yake ni kwamba mwalimu lazima aijue sarufi ya Ekegusii, si kwa kuizungumza tu bali kwa kuweza kuieleza.

Elimu hiyo ilikuwako. Wilfred Whiteley, mtaalamu wa Kiingereza aliyefanya kazi Afrika Mashariki tangu baada ya Vita Kuu ya Pili, alichapisha mwaka 1956 kitabu cha utangulizi wa Ekegusii kilichotolewa na East African Literature Bureau, na mwaka 1960 akatoa uchunguzi wake juu ya mfumo wa nyakati wa lugha hiyo. Whiteley alifahamika zaidi kwa kazi yake katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na baadaye kama profesa wa kwanza wa isimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini katika vitabu hivyo viwili aliifanyia nchi ya Wagusii jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa kiwango hicho. Alikipanga kitenzi cha Ekegusii, umbo baada ya umbo, pamoja na matumizi yake.

Hata hivyo kitabu cha mwaka 1956 kiliandikwa kwa ajili ya nani? Kiliandikwa ili kumsaidia mgeni anayejifunza Ekegusii. Ofisa, mmisionari au mtafiti aliyekwama katika nyakati za kitenzi cha Kigusii alikuwa na mahali pa kufungua akapata jibu katika lugha yake mwenyewe, kwa mifano iliyopangwa kwa kuzingatia alichokwisha kukijua. Mtoto wa Kigusii aliyekwama katika nyakati za kitenzi cha Kiingereza hakuwa na kitabu cha namna hiyo. Ukurasa ule ule uliomweleza Mwingereza tofauti ya Ekegusii na Kiingereza ungeweza kugeuzwa na kumweleza Mgusii tofauti ya Kiingereza na Ekegusii. Haukugeuzwa. Si haki kumlaumu Whiteley kwa hilo, kwani yeye alifanya alilokusudia; ila mwanahistoria hawezi kuipita nafasi hiyo iliyopotea bila kuitaja.

Mwaka uliofuata, 1957, ulileta mwelekeo mwingine kabisa. Wizara ya Elimu ilianzisha Kituo Maalumu huko Nairobi, na kituo hicho kikabuni mpango ulioitwa New Primary Approach, wa kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mpango huo ulijaribiwa kwanza katika shule za watoto wa Kiasia mjini Nairobi, kisha ukapelekwa katika shule za Waafrika. Ulikuwa na mazuri yake, na wako walimu wa rika lile walioukumbuka kwa mapenzi: madarasa yalichangamka, picha na vitu vya kushika vikaingia darasani mahali pa kukariri, na mwalimu alipewa mwongozo wa kina uliomwonyesha namna ya kusema. Lakini mwongozo ulikuwa mmoja. Mtoto wa Kigujarati wa Nairobi na mtoto wa Kigusii wa Nyamira waliulizwa maswali yale yale, kwa utaratibu ule ule, kana kwamba wote wawili walikuja shuleni bila lugha. Mwongozo usingeweza kumwonya mwalimu kuhusu "ee" na "yaya", wala kuhusu "baba" na "tata", maana haukuandikwa kwa ajili ya mahali popote.

Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliuthibitisha mwelekeo huo. Ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, ikakipa Kiswahili nafasi ya somo, na kwa lugha za nyumbani ikaacha kipindi cha kila siku cha kusimulia hadithi katika madarasa ya chini. Taifa lilikuwa changa. Umoja ulitafutwa kwa haraka, na lugha za makabila zilitazamwa kwa wasiwasi. Hayo yanaeleweka. Yasiyoeleweka kwa urahisi ni yale yaliyofuata katika shule nyingi za Kenya, ambapo mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, au akapewa kitu cha kubeba mpaka ampate mwenzake aliyekosa kama yeye. Desturi hiyo haikuanza na uhuru. Ilitoka katika shule za kikoloni na ikaendelezwa na walimu walioipata huko. Madhara yake kwa watoto yamekwisha kuelezwa na wengi. Kwa makala haya inatosha kutaja dhara moja la kisarufi: mahali ambapo Ekegusii kilikatazwa, swali la kulinganisha halikuweza kuulizwa. Mwanafunzi hawezi kusema "mbona kwetu tunasema hivi?" iwapo kusema hivyo ndilo kosa lenyewe.

Na maswali ya kulinganisha yalikuwa mengi, mengine yakiwa na kina cha kumfaa mwanaisimu. Lichukuliwe swali la "the". Nomino ya Ekegusii huanza na irabu inayotangulia kiambishi cha ngeli: "omonto" ni mtu, "abanto" ni watu, "enyomba" ni nyumba. Kiswahili kimeipoteza irabu hiyo. Mwanafunzi mwerevu wa kidato cha kwanza anayefundishwa vibainishi vya Kiingereza huweza kuuliza kama ile o- ya mwanzo si ndiyo "the" ya Kigusii. Swali hilo si la kitoto. Baadhi ya wanasarufi wa zamani wa lugha za Kibantu waliiita irabu ya namna hiyo kibainishi, na mjadala kuhusu kazi yake ulidumu miaka mingi. Jibu kwa Ekegusii ni kwamba irabu hiyo hubaki hata msikilizaji asipomfahamu mtu anayetajwa. "Omonto" huweza kuwa mtu fulani au mtu yule tuliyemsema. Kwa hiyo haiwezi kumwongoza mwanafunzi kuchagua kati ya "a" na "the". Lakini kati ya kumwambia hivyo na kumwambia kwamba lugha yake haina kitu kama hicho pana tofauti kubwa.

Ziko sentensi nyingine zinazosahihishwa kila siku bila kutazamwa. "Borrow me your pen" ni mfano. Kiswahili husema "niazime kalamu" na pia "nimeazima kalamu kwa Fulani". Kitenzi ni kimoja, na mwelekeo wa tendo hufahamika kutokana na sentensi. Pale lugha za Kibantu zinapotaka kutenganisha, hutumia mnyambuliko: kukopa na kukopesha, kujifunza na kufunza. Shina hubaki, na uhusiano wa matendo mawili huonekana kwa macho. Kiingereza kina mashina mawili yasiyofanana, "borrow" na "lend", na mwanafunzi hana dalili yoyote ya kumwonyesha kwamba ni pande mbili za jambo moja. Mjerumani naye ana "leihen" kwa kuazima na kuazimisha pia, wala hakuna aliyemwita mjinga.

Vivyo hivyo "Did you went?". Wengi huichukua kuwa uzembe. Lakini katika vitenzi ambatani vya Kiswahili, mathalani "alikuwa amekwenda", kila kitenzi hubeba nafsi yake na alama yake ya hali au wakati. Hakuna kinachosamehewa kwa kuwa mwenzake amekwisha kulipa. Mwanafunzi anayeweka wakati uliopita katika "did" na tena katika "went" ameshika kanuni hiyo ya upatanisho. Kiingereza ndicho kilicho kigeni hapa, kwa kuwa huweka wakati mahali pamoja na kukiacha kitenzi kikuu kitupu.

Katika matamshi hapana haja ya kukawia. Ekegusii hakitofautishi r na l, nacho hutumia r. Ndiyo maana shule huitwa "esukuru". Makosa ya tahajia yanayotokana na hilo hueleweka kwa mtu yeyote. Linalostahili kutajwa ni kwamba maneno ya kigeni yaingiapo Ekegusii hutii sheria zake. Neno "kitabu" la Kiswahili limekuwa "egetabu", ambapo k ya kiambishi imegeuka g kwa sababu t inafuata, hali katika "ekerandi", yaani kibuyu, k imebaki. Mtoto wa miaka mitano huifuata sheria hiyo bila kufundishwa. Mtoto huyo huyo, mwaka unaofuata, huambiwa darasani kwamba Kiingereza kina sarufi na lugha ya kwao ni mazungumzo tu.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirekebisha mambo, angalau kwa maandishi. Ilipendekeza lugha ya mazingira ya shule itumike kufundishia katika miaka mitatu ya kwanza, Kiingereza kifundishwe kama somo, na kichukue nafasi ya kufundishia kuanzia darasa la nne. Vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu viliandaliwa kwa lugha mbalimbali za Kenya. Utaratibu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima la mtihani. Ungetarajia kwamba sasa maswali ya kulinganisha yangepata nafasi. Lakini mtihani wa mwisho wa shule ya msingi haukuwa na Ekegusii, na somo lisilotahiniwa hunyang'anywa vipindi vyake. Aidha mpango wenyewe uliyatenga masomo kwa miaka: lugha ya nyumbani mwanzoni, kisha Kiingereza. Mtoto alivuka kutoka ng'ambo moja hadi nyingine katika darasa la nne bila daraja, na mwalimu wa ng'ambo ya pili hakutakiwa kujua yaliyofanyika katika ya kwanza.

Wakati huo huo swali jipya lilikuwa likikua miongoni mwa wataalamu. Maumbo kama "furnitures", "informations" na "luggages" yalikwisha kuvuka mipaka ya darasa yakaingia maofisini na katika maandishi ya watu wenye shahada. Asili yake haifichiki: mizigo huhesabika, mashauri huhesabika, na lugha za Kibantu, kwa kuwa na ngeli zenye umoja na wingi, hazioni sababu ya kuizuia nomino ya namna hiyo isihesabiwe. Jane Zuengler aliandika mwaka 1982 juu ya Kiingereza cha Kenya kama aina yenye sifa zake, na baadaye Angelina Kioko na Margaret Muthwii wakaujadili upande wa elimu: ni Kiingereza kipi kiwe kipimo katika shule za Kenya. Mjadala huo una manufaa, lakini haumwondolei mtahiniwa wa Nyamira shida yake. Umbo linaloweza kutetewa katika ukumbi wa chuo kikuu bado humpunguzia alama mtoto katika karatasi ya mtihani. Pengine ndiyo sababu walimu wengi huwasikiliza wataalamu kwa heshima kisha hurudi kwenye mstari mwekundu. Hawakukosea katika hilo; wao ndio wanaokabiliwa na wazazi matokeo yanapotoka.

Ikumbukwe pia kwamba si kila kosa lina asili katika Ekegusii. "Discuss about" na "cope up with" husikika kwa Mgusii, kwa Mluhya na kwa msemaji wa Kijaluo ambaye lugha yake si ya Kibantu. Makosa hayo yametoka kwa walimu kwenda kwa wanafunzi, ambao wakawa walimu. Kuyaeleza kwa Ekegusii kungekuwa ni kupotosha, na walioshabikia uchunguzi wa kulinganisha lugha katika miaka ya 1960 mara nyingine walifanya hivyo, wakitafuta lugha-mama nyuma ya kila koma. Njia ya kupambanua si ngumu: lisikilizwe kosa hilo kwa msemaji wa lugha isiyo na uhusiano na Ekegusii. Likiwa kwake pia, chanzo kitafutwe shuleni.

Leo maarifa kuhusu Ekegusii ni mengi kuliko wakati wowote. Jelle Cammenga alichapisha mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa fonolojia na mofolojia ya lugha hiyo. Kisii na Nyamira zimekuwa kaunti mbili tangu mwaka 2013, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake. Vitabu vya wataalamu, hata hivyo, bado huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na wataalamu, kama kile cha mwaka 1956. Katika mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, lugha ya kienyeji imerudishiwa kipindi chake, na Kiingereza kina kipindi chake, na Kiswahili vilevile. Mara nyingi mwalimu ni mmoja, na chumba ni kimoja. Kengele hugongwa, ubao hufutwa, na mtoto ambaye dakika chache zilizopita alijibu "ee" akasifiwa huulizwa kwa Kiingereza kama hakuleta kitabu chake.